Maharage ya Kopo Mbele ya Forodha: Tuliyoyapitia Mpaka Msimbo Ukapatikana

Kampuni niliyokuwa nikiiandalia nyaraka za usafirishaji ilizoea maharage makavu. Magunia, cheti cha usafi wa mimea, ankara, na msimbo wa forodha uleule kila safari: 0713.33, yaani maharage ya kawaida, Phaseolus vulgaris, yaliyokaushwa na kutolewa kwenye maganda. Kisha uongozi ukaamua kuongeza biashara. Tukaanza kununua kiwandani maharage yaliyokwisha kupikwa na kutiwa kwenye makopo, pamoja na mbaazi na dengu za makopo. Ankara ya kwanza iliandikwa “maharage ya kopo, aina mbalimbali”. Wakala wa forodha aliipokea, akafungua kumbukumbu za mizigo yetu ya nyuma, akajaza msimbo tuliouzoea, na meli ikang’oa nanga.

Kontena lilipofika bandari ya kupokelea, likazuiliwa. Ofisa aliyelishika faili letu hakuwa mkali hata kidogo. Aliuliza mambo matatu tu. Mimea iliyomo ni ipi, kwa majina ya kisayansi? Imepikwa kwa njia gani? Na ndani ya kopo, mbali na punje zenyewe, kuna nini na kwa kiasi gani? Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na jibu la kuandika. Mnunuzi hakujua, wakala hakujua, nami nilikuwa na lebo ya kopo tu, na lebo ilitengenezwa kwa ajili ya mlaji.

Naandika haya kwa sababu maswali hayo matatu ndiyo kiini cha kazi yote ya kuainisha maharage yaliyosindikwa, na majibu yake yanapatikana sehemu moja tu, nayo ni kiwandani. Anayeyachukua kiwandani kwa maandishi kabla mzigo haujapakiwa anajiepusha na karibu kila tatizo nitakalolieleza hapa.

Gharama kwanza, maana watu huzificha. Kontena lililozuiliwa hulipiwa pande mbili: bandari hudai tozo ya kuhifadhi mzigo, na kampuni ya meli hudai tozo ya kuchelewesha kontena lake. Zote huhesabiwa kwa siku, na mara nyingi kiwango hupanda kadiri siku zinavyosogea. Juu ya hizo kuna ada ya kupima sampuli maabara, tofauti ya ushuru, faini ya tamko lisilo sahihi, na mnunuzi mwenye hasira kwa sababu ameahidi bidhaa kwa wateja wake. Kwetu kulikuwa na jeraha jingine. Mkataba wa mauzo ulikuwa wa masharti ya DDP katika Incoterms, zile kanuni za kimataifa za masharti ya mauzo, maana yake muuzaji hubeba hata ushuru wa kuingizia nchi ya mnunuzi. Bei ilikuwa imepangwa kwa ushuru wa maharage makavu. Faida ya kontena zima ikateketea, na hofu ya kupoteza mteja ilininyima usingizi kuliko ile faini.

Kama uko kwenye hali hiyo hivi sasa, jua kwamba Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika Februari 22, 2017, unazungumzia kuachiliwa kwa mzigo kabla kiasi cha mwisho cha ushuru hakijaamuliwa, mwagizaji akiweka dhamana. Omba hilo siku ya kwanza, kwa barua. Sisi tulikaa tukibishana kuhusu msimbo huku mita ya bandari ikihesabu, tena njia ya dhamana tulikuja kuisikia kwa ofisa mwenyewe.

Sasa mfumo wenyewe. Misimbo hii inatoka kwenye Mfumo Uliowianishwa, maarufu kwa kifupi chake cha HS, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani lenye makao Brussels. Mkataba wake ulisainiwa mwaka 1983 na kuanza kazi Januari 1, 1988, na leo zaidi ya nchi na maeneo ya kiuchumi 200 yanautumia. Tarakimu sita za kwanza ni za dunia nzima: mbili za mwanzo ni sura, nne ni kifungu, sita ni kifungu kidogo. Baada ya hapo kila nchi huongeza tarakimu zake. Marekani hufika kumi, na Umoja wa Ulaya vilevile kwa bidhaa zinazoingia. Kwa hiyo msimbo mrefu ulioutoa kwenye tamko la nchi moja hauhamishiki mzima mzima kwenda nchi nyingine. Kinachohama ni zile sita.

Kuna kanuni sita za jumla za kutafsiri mfumo, na ya kwanza ndiyo inayofanya kazi kubwa. Inasema vichwa vya sehemu na sura ni vya kurahisisha utafutaji tu. Kinachoamua kisheria ni maneno ya vifungu na maelezo yaliyoandikwa mwanzoni mwa sehemu na sura. Nilikuwa nimezoea kushuka moja kwa moja kwenye orodha ya misimbo na kutafuta mstari unaofanana na bidhaa. Watu wengi hufanya hivyo. Lakini mpaka kati ya maharage “makavu” na maharage “yaliyotayarishwa” hauonekani kwenye mistari ya orodha. Umeandikwa kwenye maelezo ya Sura ya 20, sura ya mboga na matunda yaliyotayarishwa, kurasa ambazo wengi huziruka.

Maelezo hayo yanasema hivi, kwa maneno yangu: vifungu 2001 (za siki), 2004 (zilizogandishwa) na 2005 (zisizogandishwa) hupokea mboga za Sura ya 7 pale tu zilipotayarishwa au kuhifadhiwa kwa njia ambayo haimo katika Sura ya 7. Basi swali la mlangoni ni kama njia iliyotumika imo katika Sura ya 7 au imeipita. Sura ya 7 inaruhusu mbichi na iliyopozwa (maharage katika 0708), iliyogandishwa ikiwa mbichi au imechemshwa tu kwa maji au mvuke (0710), iliyohifadhiwa kwa muda lakini hailiki ilivyo (0711), na iliyokaushwa (kwa mikunde, 0713). Chochote kinachovuka hapo kinaelekea Sura ya 20, au hata mbali zaidi.

Wapo wanaodhani kopo lenyewe ndilo linalohamisha bidhaa. Silo. Maelezo ya ufafanuzi ya Shirika la Forodha Duniani yanatoa mfano wa unga wa kitunguu uliofungwa kwenye kopo lisilopitisha hewa: unabaki Sura ya 7, kwa sababu kopo limefungasha tu. Maharage ya kopo huhama kwa sababu ya moto. Maharage yana asidi kidogo, pH yake iko juu ya 4.6, na katika hali hiyo vijidudu hatari vinaweza kuota ndani ya chombo kilichofungwa. Ndiyo maana kiwanda huyapitisha kwenye mtambo wa joto chini ya mgandamizo, kwa kawaida karibu nyuzi 121 za Selsiasi. Joto hilo hulinda chakula, na papo hapo hukipika kabisa. Kupika kwa namna hiyo hakumo katika Sura ya 7. Ndiyo sababu maharage yetu, hata yale yaliyokuwa na maji na chumvi tu bila kiungo kingine, yalikuwa ya kifungu 2005 tangu mwanzo.

Nilipolielewa hili nilihisi afya ya akili ikirudi. Kabla ya hapo kila barua kutoka forodha niliiona kama uonevu. Baadaye niliziona zilivyo: mtu anauliza kuhusu mtambo wa kiwandani, nami namjibu kwa bei na jina la bidhaa.

Ushuru ukoje kati ya pande hizo mbili? Inategemea nchi, lakini pengo linaweza kuwa kubwa. Katika Umoja wa Ulaya maharage makavu ya kawaida huingia bila ushuru kwa kiwango cha kawaida, wakati yale ya 2005.51 hutozwa asilimia 17.6 kama hakuna upendeleo wa mkataba. Mtu akiona tofauti ya namna hiyo ataelewa kwa nini ofisa hawezi kupokea neno “maharage” peke yake.

Basi tukarudi kiwandani na maswali yetu. Hapo ndipo nilipokutana na tatizo la pili, ambalo hata ofisa wa kwanza hakuwa ameligusa bado: mmea.

Kifungu kidogo cha maharage ndani ya 2005 kimefungwa kwa jenasi mbili, Vigna na Phaseolus. Maharage ya kawaida ni Phaseolus, kunde na choroko ni Vigna, hata njugu mawe ni Vigna. Zote hizo, zikiwa zimetolewa kwenye maganda na kupikwa kwenye kopo, huenda 2005.51. Lakini mbaazi ni Cajanus cajan. Dengu ni Cicer arietinum. Yale maharage mapana, Vicia faba, nayo yana jenasi yake. Hata kama lebo yake na ankara yake zinayaita maharage, hayamo kwenye 2005.51, yanaangukia 2005.99, pamoja na mboga nyingine na michanganyiko ya mboga. Njegere, Pisum sativum, zina mstari wake, 2005.40, na mbaazi haziwezi kupandia humo kwa kufanana umbo. Soya ndiyo inayochanganya zaidi: punje kavu za soya ziko 1201, Sura ya 12, na kwa kuwa 2005 hupokea mboga za Sura ya 7, soya iliyokomaa ikipikwa haifuati njia ya maharage hata kidogo.

Kontena letu moja, kumbe, lilikuwa na misimbo miwili tofauti, na ankara moja yenye jumla moja. Ilibidi kila aina itenganishwe kwa idadi ya katoni, uzito na thamani. Kazi hiyo ikifanywa kabla ya kupakia ni ya mchana mmoja. Ikifanywa mzigo ukiwa bandarini, kila takwimu inayobadilika inaonekana kama unaficha kitu, na lazima uilete na ushahidi.

Ndani ya kopo moja mambo yanakwenda kwa mantiki hiyohiyo. Kopo la maharage mekundu na meupe, yote Phaseolus, linabaki 2005.51. Likichanganywa na dengu linakuwa mchanganyiko wa mboga, 2005.99. Na kama ni mitego tu, kuna ule wa maganda: 2005.51 ni punje zilizotolewa kwenye maganda, ilhali maharage machanga yanayoliwa pamoja na ganda lake huenda 2005.59. Tofauti ya tarakimu moja, ushuru tofauti katika nchi nyingi.

Tulipoanza kupanua bidhaa, siki ikaleta mjadala wake. Saladi ya maharage iliyohifadhiwa kwa siki au asidi ya asetiki hutoka 2005 na kwenda 2001, kifungu kidogo 2001.90. Kiasi gani cha siki kinatosha? Umoja wa Ulaya umeandika kabisa: asidi tete huru isiyopungua asilimia 0.5 kwa uzito, ikikokotolewa kama asidi ya asetiki. Kwingine wanapima kwa kigezo chao, kwa hiyo uliza. Jambo nililolisisitiza kiwandani ni kwamba asidi ya sitriki haihesabiki. Mtaalamu wao wa vyakula alikuwa ameandika “asidi” tu kwenye orodha ya viambato, na neno hilo moja lingeweza kutupeleka kifungu kisicho chetu. Siku hizi nataka jina kamili la kila asidi na kiasi chake.

Maharage ya kugandishwa nayo yana mstari mwembamba. Yaliyochemshwa au kupikwa kwa mvuke kisha yakagandishwa yanabaki 0710.22, hata kama yamepikwa, kwa sababu kifungu chenyewe kinakubali kuchemsha. Chumvi kidogo kabla ya kugandisha haiyatoi. Lakini yakikaangwa kwa mafuta au kutiwa mchuzi kabla ya kugandishwa, yanakwenda 2004.90. Nimeona watu wakishangaa kwamba maharage yaliyopikwa yanaweza kukaa Sura ya 7 yakiwa na barafu na yasiweze yakiwa kwenye kopo. Ukishazoea kuuliza “njia hii imo au haimo” mshangao unaisha.

Bidhaa iliyotuhangaisha kuliko zote haikuwa ya kopo wala ya barafu. Yalikuwa maharage yanayoiva haraka: yamepikwa, yakakaushwa tena, mlaji anayarudishia maji moto na kula. Kwa macho ni makavu. Kwa mkono ni makavu. Kila mtu ofisini alisema 0713, na wakala akasema vivyo hivyo. Maelezo ya ufafanuzi ya 0713 yanaruhusu joto la wastani, lile lililokusudiwa hasa kuhifadhi punje kwa kuzima vimeng’enya na kupunguza unyevu, kwa sharti kwamba lisibadilishe hali ya ndani ya kotiledoni, zile nusu mbili za punje. Yetu yalikuwa yamepikwa hadi wanga wa ndani umeiva. Maabara huliona hilo chini ya hadubini; chembe za wanga ulioiva hazifanani na za wanga mbichi. Kwa hiyo yalikuwa ya 2005, yakiwa makavu kabisa. Bahati njema safari hii tulilijua kabla ya kusaini mkataba, kwa sababu tulikuwa tumeomba kiwanda kituandikie joto, muda na unyevu wa kila hatua.

Mchuzi wa nyanya haubadilishi chochote kwa maharage ya kopo. Kifungu 2005 kinapokea mboga zilizo kwenye maji na zilizotayarishwa kwa mchuzi wa nyanya au viungo vingine vya kuliwa moja kwa moja. Nyama ndiyo inayobadilisha. Chakula chenye soseji, nyama, matumbo, damu, samaki, au, tangu toleo la 2022, wadudu, kwa zaidi ya asilimia 20 ya uzito kinatoka Sura ya 20 na kwenda Sura ya 16. Mnunuzi mmoja alitaka maharage yenye soseji, na jikoni la kiwanda lilikuwa likipima soseji kwa makadirio karibu kabisa na mpaka huo. Nilipinga. Bidhaa inayoning’inia kwenye asilimia 20 itapimwa leo ikawa 19, kesho ikawa 21, na kila kontena litakuwa bahati nasibu. Ama ishuke wazi chini ya mpaka, ama ipande wazi juu, na kuingia Sura ya 16 maana yake ni kujiandaa kwa vyeti vya mifugo na masharti mengine ambayo maharage peke yake hayana. Wakashusha kiasi cha soseji.

Yapo mengine ya pembeni ambayo nitayataja kwa haraka. Supu ya maharage, hata ya unga, huangaliwa 2104. Maharage yaliyosagwa laini sana kwa ajili ya watoto wachanga au lishe maalumu, kwenye chombo kisichozidi gramu 250, yana kifungu kidogo chake, 2005.10, na hicho hutangulia vingine vyote vya 2005. Unga wa maharage makavu ni 1106. Maharage yaliyotiwa kwenye mapipa ya maji ya chumvi makali ili yafike kiwandani salama, yasiyoweza kuliwa hivyo, ni 0711. Ukiyatoa chumvi na kuyapika kwenye kopo yanaingia 2005.

Baada ya kontena lile la kwanza, tuliomba uamuzi wa awali wa uainishaji kwa kila bidhaa. Hiki ndicho kitu ningemshauri kila anayeanza akifanye kabla ya kitu kingine. Mkataba uleule wa Uwezeshaji Biashara, katika kifungu chake cha 3, unazitaka nchi wanachama kutoa maamuzi ya namna hiyo kuhusu uainishaji na uasili wa bidhaa, yaani nchi inayohesabiwa kuwa ndiko ilikotoka. Unaandika maelezo, unaambatisha ushahidi, mamlaka inakujibu kwa maandishi, na jibu linaibana mamlaka, na nchi inaweza kuamua likubane na wewe pia. Katika Umoja wa Ulaya uamuzi hudumu miaka mitatu. Tulipeleka jina la kisayansi la kila mmea, orodha ya viambato kwa asilimia ikijumlisha mia, mchoro wa hatua za kiwandani wenye joto na muda, picha za lebo, uzito halisi na uzito baada ya kuchuja maji, na sampuli. Tulieleza pia msimbo tulioudhani na kwa nini, tukinukuu maelezo ya sura. Ombi la bidhaa moja lilirudishwa kwa sababu asilimia za kiwanda hazikufika mia. Walikuwa wamesahau maji. Tukasahihisha, likapokelewa.

Kabla ya kuomba, nilisoma maamuzi ya wengine. Marekani huyaweka hadharani katika hifadhi iitwayo CROSS, na Umoja wa Ulaya katika hifadhi yake ya EBTI. Hayaibani nchi nyingine, na usiyapeleke kwa ofisa kana kwamba ni amri. Faida yake ni kukuonyesha ofisa huangalia nini. Nilisoma mengi kuhusu maharage, na karibu kila moja linaanza kwa kueleza viambato na namna ya kupika, bei haitajwi. Hapo nilijua barua zangu za mwanzo zilikosa nini.

Msimbo ukibadilika, usidhani ushuru peke yake ndio uliobadilika. Cheti cha usafi wa mimea tulichokuwa tukikilipia kwa maharage makavu, kwa ajili ya wadudu wa ghalani, kwa kawaida hakihitajiki kwa maharage ya kopo, maana hakuna mdudu anayepona kwenye mtambo ule. Badala yake yanakuja masharti ya usalama wa chakula. Marekani, kwa mfano, inataka kiwanda cha vyakula vya kopo vyenye asidi kidogo kisajiliwe na kuwasilisha taratibu zake za kupika kwa FDA, mamlaka yake ya chakula na dawa. Kiwanda kisichojua hilo kitakuuzia makopo mazuri yasiyoweza kushuka bandarini.

Cheti cha uasili kinataka uangalifu wa pekee. Mtu anaweza kusema: maharage makavu yameingia kiwandani yakiwa Sura ya 7, yametoka yakiwa Sura ya 20, sura imebadilika, basi bidhaa ni ya nchi ya kiwanda. Kwenye baadhi ya mikataba ya upendeleo haitoshi. Ipo inayotaka mboga zote zilizotumika ziwe zimelimwa ndani ya eneo la mkataba. Kiwanda chetu kilikuwa kikinunua punje popote zilipopatikana kwa unafuu. Tulipoliona sharti hilo ilibidi waanze kutunza kumbukumbu za kila kundi la punje, na kwa makundi mawili tulikubali kulipa ushuru kamili kuliko kutia saini tamko tusiloweza kulithibitisha. Iliuma, ila msimamo huo naushikilia hata leo.

Uzito nao. Kwenye kopo kuna uzito halisi wa vyote vilivyomo na uzito wa punje zilizochujwa. Mfanyabiashara hufikiria punje. Tamko la forodha kwa kawaida hutaka uzito halisi wa bidhaa, maji yake yakiwemo, bila katoni za nje. Huko Marekani ushuru wa maharage ya 2005.51 hutozwa kwa kilo, na kilo hizo ni za yote yaliyomo ndani ya chombo. Ukipiga hesabu ya mkataba kwa uzito wa punje zilizochujwa utaahidi bei usiyoweza kuitimiza.

Sasa hivi kabla ya kila oda, kiwanda hujaza karatasi moja na mtaalamu wao wa ubora huisaini: jenasi na spishi, zimetolewa kwenye ganda au la, joto na muda wa kila hatua, viambato kwa asilimia, aina ya asidi, kiasi cha nyama kama ipo, uzito wa aina zote mbili, na asili ya punje. Wakala hapati ankara bila karatasi hiyo. Mapishi yakibadilika hata kwa kiungo kimoja, karatasi mpya hutolewa, kwa sababu uamuzi wa awali unalinda bidhaa iliyoelezwa kwenye ombi na si nyingine. Mwanzoni kiwanda kilinung’unika kwamba tunaingilia siri za mapishi yao. Tukaweka mkataba wa usiri, na mamlaka nazo zina utaratibu wa kutochapisha taarifa za siri katika maamuzi yao ya wazi.

Misimbo yenyewe hufanyiwa marekebisho. Toleo linalotumika lilianza Januari 1, 2022, na linalofuata limepangwa kuanza Januari 1, 2028. Kila toleo huja na majedwali ya ulinganisho kutoka Shirika la Forodha Duniani, yanayoonyesha msimbo wa zamani umekwenda wapi. Mwenye mkataba wa ugavi unaovuka tarehe hiyo aandike humo nani atabeba tofauti ya ushuru msimbo ukibadilika, na uamuzi wa awali uliopatikana chini ya toleo la sasa auombe upya mapema, kwa sababu mamlaka nyingi hulemewa na maombi miezi ile ya mwisho.